Oili inadondoka chini ya nyumba ya klachi: kweli ni sili ya nyuma ya kranki?

Tope_Magotini aliandika:

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nina gari la porini, dizeli, silinda 6 za mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo (turbo), gia za mkono. Imetembea kilomita 312,000 na mimi ni mmiliki wa tatu. Naomba mawazo kabla sijamruhusu mtu kuishusha gia boksi.

Tatizo ni oili. Inadondoka chini ya nyumba ya klachi (lile ganda kati ya injini na gia boksi), kwenye kile kitundu cha kutolea uchafu, na imepaka nyuma yote ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Lile bamba la chuma la kukinga mawe nilipolifungua lilikuwa limebeba uji wa tope na oili wa kujaza sufuria. Usiku nilitandika katoni chini, asubuhi nikahesabu matone 14. Kwenye dipstiki inapotea nusu lita kila kilomita 800 hivi. Moshi wa bluu sijauona, si asubuhi injini ikiwa ya baridi, wala nikikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu kwa gia.

Fundi wa kwanza alilala chini dakika mbili, akatoka na kidole cheusi: "Sili ya nyuma ya kranki. Gia boksi chini." Yaani ile raba inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma. Wa pili hakulala kabisa. Aliniuliza inadondokea wapi, nikamwonyesha kwa mkono, akasema vilevile. Mimi si fundi, ila watu wawili kukubaliana bila hata mmoja wao kushika kitambaa akafuta, hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mengine niliyoyaona, sijui kama yana maana. Nikipanda mlima mrefu na gia nzito ya transfa (gia boksi ndogo ya pili, ya kugawa nguvu mbele na nyuma), ndipo inamwaga hasa. Nikifika juu nasikia harufu ya oili inayoungua kwenye ekzosi. Halafu gari lilikaa bila kuwashwa karibu miezi miwili, na kabla ya hapo lilikuwa kavu. Na dipstiki nayo imeanza utundu, mara mbili nimeikuta imenyanyuka kama sentimita 2 kutoka kwenye bomba lake. Nadhani sikuishindilia vizuri. Klachi haitelezi.

Nishushe, nisishushe?

KlachiMoto alijibu:

Shusha mkuu. Kilomita 312,000 unataka ushahidi gani tena? Sili ni mpira, mpira unazeeka, na miezi miwili ya kukaa ndiyo imemaliza mdomo wake. Ukiendelea kuchunguzachunguza, oili itaingia kwenye diski ya klachi. Mimi nilichelewa, ikaanza kuteleza nikiwa katikati ya tope na trela nyuma. Nilikaa pale mpaka giza likaingia, navutwa na watu wanaonicheka.

Ukishusha usiwe bahili: badili sili, diski, presha pleti, beringi ya klachi, na ile bushi ndogo ya katikati ya flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya kranki). Gia boksi ni kazi ya kufanya mara moja.

MamaSpana alijibu:

KlachiMoto, orodha yako ni nzuri kwa siku gia boksi ikiwa imeshashuka. Siku hiyo haijafika.

Tope, tuanze na hesabu. Matone 20 ya oili ni kama mililita 1. Kwa hiyo matone yako 14 ya usiku hayajai hata kizibo cha soda. Lakini dipstiki inakwambia nusu lita, yaani matone 10,000 hivi. Moshi wa bluu huna, basi yaelekea haiungui ndani. Hiyo oili inatoka gari likiwa linatembea. Gari likisimama sehemu tambarare, oili yote iko chini kwenye sampu, chini ya mstari wa kranki, na sili ya nyuma wala hailoweki. Unayoyaokota kwenye katoni ni mabaki yaliyokwisha kutoka mchana, yakaning'inia kwenye bolti na kwenye lile bamba. Katoni ni nzuri kwa kujua kama tatizo linaongezeka au linapungua. Chanzo haikuambii.

Oili ikishatoka ina safari mbili tu, kwenda chini na kwenda nyuma. Chini kwa uzito wake, nyuma kwa sababu feni na upepo wa mwendo vinaisukuma. Kile kitundu cha nyumba ya klachi kiko chini na kiko nyuma, hivyo kila kinachovuja kwenye injini kitaishia hapo. Gasketi ya kava ya tepeti (kifuniko cha juu ya injini) ikivuja upande wa nyuma, inafika hapo. Swichi ya presha ya oili, ile yenye waya mmoja, ikipasuka plastiki yake, inafika hapo. Kifuniko cha kupozea oili ubavuni, kiti cha filta, mpira wa oili unaokwenda kwenye pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, vyote vinafika hapo. Nimewahi kuletewa gari iliyoshushwa gia boksi mara mbili, sili mpya mbili, na bado inadondosha. Ilikuwa filta: mtu alifunga mpya, raba ya filta ya zamani ikiwa imebaki imeganda kwenye kiti chake, raba mbili zikakaa juu ya nyingine.

Kwa injini ya aina yako mimi huanza na mwisho wa nyuma wa silinda hedi. Kuna raba yenye umbo la nusu mwezi inayoziba pale kava ya tepeti inapokutana na hedi, karibu kabisa na ukuta wa kabini. Imejificha, ina joto, na hakuna anayeitazama kwa sababu lazima upande juu ya bampa ujikunje. Ikishakuwa ngumu kama plastiki, oili inateremka nyuma ya bloku, inaingia kwenye maungio ya nyumba ya klachi, inatokea kwenye kitundu. Ukilala chini utaapa ni sili ya kranki. Na ukipanda mlima, oili ya juu ya hedi yote inaegemea huko nyuma, ndiyo maana inamwaga.

Sasa ile ya dipstiki uliyoitaja kama nyongeza. Hiyo nimeisoma mara mbili. Dipstiki hainyanyuki kwa uvivu wako, inasukumwa. Kila injini inapitisha kiasi cha moshi kupita ringi za pistoni, unashuka kwenye kranki, na lazima upate pa kutokea kwenye mpira wa kupumulia. Mpira ukiziba, presha inajaa ndani, inatafuta mahali palipo dhaifu. Inasukuma dipstiki, inasukuma gasketi, inasukuma hata sili nzima isiyo na kosa lolote. Na mzigo ukiwa mkubwa, mlimani kwa mfano, moshi huo unazidi. Ukibadili sili bila kufungua pumzi, utavuja tena baada ya wiki tatu na utamtukana fundi.

Kwa hiyo usiguse spana. Washa injini, iache ipate moto, fungua kifuniko cha kujazia oili halafu kiweke kichwa chini miguu juu pale pale kwenye tundu, usikifunge. Kikitetemeka tu, ni sawa. Kikirukaruka au kikianguka, kuna presha. Kipimo cha kienyeji, lakini kinakupa jibu kabla hujachafuka. Kisha fuata mpira wa kupumulia kutoka kwenye kava mpaka unapoishia, kwa mkono, si kwa macho.

Mvushaji alijibu:

Naongezea kwa wenye kupenda maji kama mimi. Tope, mpira wako wa kupumulia ni ule wa kiwandani au kuna mtu alishaurefusha kwa ajili ya kuvuka mito? Magari mengi ya porini mmiliki mmoja huinua pumzi zote juu, na yule anayefuata hajui.

Na angalia kitundu chenyewe. Land Rover za zamani zina kizibo maalumu cha kufunga hapo unapoingia majini, na unatakiwa kukitoa ukishavuka. Wapo wanaovuka wakakisahau miezi mingi. Oili inajikusanya ndani, nje pakavu kabisa, wanajisifu gari halivuji, mpaka siku klachi inapoteleza. Yako iko wazi, angalau unaiona.

Jambo jingine dogo: unapima dipstiki gari likiwa wapi? Ukipimia kwenye mteremko, ukaona imepungua, ukajaza, unaweza kuwa umezidisha, na oili iliyozidi nayo inatafuta njia ya kutoka.

Tope_Magotini aliandika:

Asanteni. MamaSpana umenifanya nijisikie mjinga kuhusu katoni, maana nilikuwa nimeanza kuchora chati ya matone.

Napimia sehemu tambarare, asubuhi, kabla sijawasha. Hiyo niko salama.

Nimefanya kipimo cha kifuniko jana jioni. Hakikurukaruka, kilichumpa kabisa kikaangukia upande wa betri, na tundu likapuliza moshi mweupe wenye matone madogo ya oili mpaka kwenye miwani yangu.

Mpira ni wa kurefushwa, Mvushaji umepatia. Kutoka kwenye kava unakwenda wa kiwandani kama shibiri moja, halafu kuna kiungio cha shaba, halafu mpira mwingine mweusi unapanda ukutani mpaka karibu na kioo, umefungwa kwa vibano vya plastiki. Katikati umelegea na kufanya tumbo. Nilipouminya pale kwenye tumbo nikasikia majimaji ndani. Bado sijaufungua, giza lilinikuta.

KlachiMoto usinune, sijasema sili ni nzima.

KlachiMoto alijibu:

Sijanuna. Ila presha hiyo inaweza kuwa ringi zimekwisha, na hapo mpira utakuwa unasingiziwa. Injini ya kilomita 312,000 kupuliza si ajabu.

Na kabla hujafungua chochote, ingiza kamera ya waya kwenye kile kitundu. Hapo utanyamazisha ubishi wote. Kama sili ya nyuma ndiyo inavuja, flaiwili inaichukua oili na kuirusha, utaona ndani ya nyumba ya klachi imepakwa duara zima, michirizi imetoka katikati kwenda pembeni kama miale ya jua. Kama inatoka juu kwa nje, utaona mstari mmoja umeteremka na pembeni pakavu, pana vumbi la klachi tu.

Halafu chovya kidole unuse. Shafti ya kuingilia gia boksi nayo ina sili yake, na ikivuja inadondokea kitundu hicho hicho. Oili ya gia nzito ina harufu kali ya kiberiti, ukiishika huisahau. Kama gia boksi yako inatumia oili ya gia.

MamaSpana alijibu:

Umesema vizuri, hasa hilo la mwisho. Zipo gia boksi za mkono zinazotumia oili ya injini, na zipo zinazotumia ile nyekundu ya gia za otomatiki. Pua haitamsaidia mtu asiyejua alichojaza. Angalia kwanza kitabu cha gari.

Kuhusu ringi, ndiyo maana tunapima kabla na baada. Tope, tafuta mpira mwembamba unaoonyesha, wa mita 2 hivi. Ukunje uwe herufi U, uufunge kwenye ubao, mimina maji yenye rangi mpaka nusu. Mwisho mmoja uunganishe na bomba la dipstiki, hakikisha hapapitishi hewa, mwingine uache wazi. Washa injini ikiwa na moto, ishike kwenye mizunguko 1,500, soma tofauti kati ya maji ya upande huu na ya upande ule. Tofauti, nasema. Wengi wanapima maji yalivyopanda upande mmoja wanapata nusu ya jibu. Kisha fungua mpira wote wa kupumulia utoke hewani, pima tena. Ikishuka sana, kosa lilikuwa mpira. Ikibaki juu wakati pumzi iko wazi kabisa, KlachiMoto ana haki na itabidi upime kompresheni.

Baada ya hapo ndipo uoshe. Injini iwe baridi. Funika alteneta na mdomo wa filta ya hewa kwa mifuko ya plastiki, paka dawa ya kuyeyusha grisi, sugua kwa brashi nyuma ya hedi, ubavuni kwenye filta, mbele kwenye kava ya mkanda, na kule chini. Suuza taratibu. Usimwage maji baridi kwenye pampu ya dizeli ikiwa ya moto: vyuma vya ndani vimekaribiana mno, ganda likisinyaa ghafla pampu inaweza kukwama. Pulizia hewa mpaka pakauke, halafu nyunyiza poda, ile ya kawaida ya unga mweupe, kila mahali unapopashuku. Endesha kilomita 20, ukiwemo mlima. Simama, fungua boneti, tazama kwa tochi na kioo kidogo kuanzia juu kushuka. Sehemu ya juu kabisa iliyolowana ndiyo unayoitafuta. Za chini yake zote ni abiria.

Usifunge lile bamba la chini wakati wa majaribio, litakuchanganya.

Na usikubali mtu akupulizie hewa ya kompresa ndani ya kranki ili "tuone povu". Kipimo hicho kipo, ila kwa hewa iliyopunguzwa isizidi 0.2 bar. Kompresa ya gereji ikifunguliwa bila kidhibiti itang'oa sili ambazo zilikuwa hazina shida, halafu utakuwa na kazi tatu badala ya moja.

Mgeni_wa_4x4 alijibu:

Samahani kuingilia uzi. Yangu ni ya petroli na nayo inapaka nyuma ya injini. Hicho kipimo cha kifuniko kinafaa?

MamaSpana alijibu:

Mgeni, petroli nyingi zina vali ndogo inayonyonya huo moshi kuupeleka kwenye manifoldi, kwa hiyo ukiwa hujakanyaga mafuta tundu la oili linatakiwa livute kidogo. Weka karatasi juu yake. Ikinata, vali inafanya kazi. Ikipeperuka, chomoa vali uitikise. Nyingi, zikiwa nzima, zinalia kama njuga. Ikiwa kimya imeganda, badilisha. Mengine yote, kuosha, poda na kioo, ni yale yale. Fungua uzi wako tukusaidie zaidi.

Tope_Magotini aliandika:

Wakuu nimerudi. Kaeni vizuri maana ni ndefu.

Kipimo cha maji kwanza. Mpira ukiwa kama nilivyoukuta, mizunguko 1,500, injini ya moto: tofauti sentimita 14. Nikaufungua mpira pale kwenye kava, pumzi ikatoka moja kwa moja: sentimita 2. Nilirudia mara tatu kwa sababu ya kwanza nilimwagia maji ya rangi kwenye suruali nilipozima. (Chomoa mpira kabla ya kuzima, hilo hamkuniambia.) KlachiMoto, ringi ziko hai bwana.

Nikaukata mpira mweusi vipande vipande. Lile tumbo la katikati lilikuwa na maji na oili vilivyochanganyika vikawa kama maziwa mazito, kikombe kizima. Lakini hilo halikuwa limeziba lote. Pale kwenye kiungio cha shaba, ambacho tundu lake ni jembamba kuliko mpira wenyewe, kulikuwa na udongo. Si tope la mtoni, udongo mkavu uliopangwa vizuri, una vyumba, na ndani ya chumba kimoja buibui aliyekauka. Nyumba ya nyigu! Kwa miezi miwili gari limesimama, mpira umekaa wazi kule juu, mama nyigu akaona ni pango zuri, akashuka nalo mpaka mwisho. Baadaye nilipowasha, kipande kimoja kilivunjika kikaacha upenyo kama wa kalamu, ndiyo maana injini haikuwa imezibwa kabisa. Nilikaa chini nikicheka peke yangu.

Kamera: ndani ya nyumba ya klachi hakuna miale ya jua. Upande wa kushoto tu, kuanzia juu, kuna mstari mweusi umeteremka ukutani mpaka kwenye kitundu. Pengine pote ni vumbi la kijivu. Nilinusa, hakuna kiberiti. Gia boksi yangu inatumia oili ya gia, kwa hiyo sili ya shafti ya kuingilia nayo nimeiondoa kwenye orodha.

Kuosha kulinichukua siku nzima. Nyuma ya hedi mkono hauingii vizuri, nilifunga brashi ya meno kwenye kijiti. Huko nilikuta tabaka mbili za silikoni, nyekundu juu ya nyeusi, yaani wamiliki wote wawili walionitangulia walishapita hapo, wakapaka, wakaondoka. Nilipiga poda, nikaenda mlimani nikiwa na mpira mpya wa kupumulia lakini bila kugusa nusu mwezi, kwa makusudi, nione raba itafanya nini presha ikiwa haipo. Kilomita 22 kwenda na kurudi. Nikafungua boneti: poda yote nyeupe, mbele safi, ubavuni kwenye filta safi, swichi ya presha safi. Nyuma ya hedi, chini ya nusu mwezi, mchirizi mmoja mwembamba wa rangi ya chai, urefu wa kidole. Kabla ya hapo ingekuwa imefika chini zamani.

Basi ndiyo hiyo, raba. Nilipoifungua kava nikaing'oa, ilikatika vipande viwili mkononi kama biskuti.

MamaSpana alijibu:

Umefanya vizuri kupima presha kabla ya raba. Wengi wangefanya vyote siku moja wasijue kipi kilichowaponya.

Wakati wa kurudishia: kwangua silikoni zote mbili mpaka chuma kitupu, na ziba mashimo ya hedi kwa kitambaa vipande visidondokee ndani. Silikoni iliyokatika inasafiri na oili mpaka kwenye chujio la pampu kule kwenye sampu, ikiziba hapo utalia kilio kingine. Raba mpya ikae, halafu weka tone dogo la silikoni kwenye zile kona mbili tu ambapo nusu mwezi inakutana na uso wa hedi. Kwingine gasketi ikae kavu. Bolti za kava anza katikati ukienda pembeni, kwa mzunguko, na usikaze kwa hasira. Kava ni bati, ukilikaza mno linapinda katikati ya bolti na bolti, na hapo ndipo litavuja.

Mpira mpya wa kupumulia upitishe bila tumbo, uwe unapanda mfululizo ili maji yanayotokana na ubaridi yarudi yenyewe. Kiungio kiwe na tundu sawa na mpira.

Mvushaji alijibu:

Na mwisho wake ukunje utazame chini kama mpini wa mwavuli, ufunge kipande cha wavu wa chuma. Matundu yasiwe madogo sana, yakiwa madogo sana oili na vumbi vitayaziba, utakuwa umemfukuza nyigu ukaifanya kazi yake mwenyewe.

KlachiMoto alijibu:

Nimekubali, ingawa moyo wangu bado uko kwenye sili. Tope, siku ukishusha gia boksi kwa sababu nyingine, badilisha hiyo sili kwa heshima yangu. Na ukikuta mdomo wa zamani umechimba mfereji kwenye kranki, sili mpya usiigonge mpaka mwisho, iache milimita 1 au 2 nje kama nafasi ipo, mdomo wake ukae juu ya chuma ambacho hakijaliwa.

Tope_Magotini aliandika:

Nitafanya hivyo KlachiMoto, nimeiandika.

Taarifa ya mwisho, kilomita 900 baada ya kazi. Dipstiki haijashuka hata upana wa mstari, na imekaa kitini pake. Harufu ya kuungua mlimani imeisha. Nyuma ya hedi bado kuna poda. Kwenye kipimo cha maji napata sentimita 2 na mpira wote ukiwa umeunganishwa mahali pake, sawa na nikiuchomoa kwenye kava.

Nilimpelekea fundi wa kwanza kile kipande cha udongo kwenye mfuko. Akakigeuzageuza, akasema, "Sawa, lakini sili nayo imechoka."

Nilitandika katoni tena usiku wa jana, najua, MamaSpana atanisema. Matone 2, lakini si pale pa zamani, ni nyuma zaidi, chini ya transfa kesi. Nikachovya kidole nikanusa: kiberiti. Nikafuata mpira wa kupumulia wa transfa, nao umerefushwa na mtu yule yule, kwa kiungio kile kile cha shaba. Jumamosi naukata.